Kiwanda cha serikali kijengwe wapi: Mbeya, Iringa au Makambako?

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Juni, redio za huku Nyanda za Juu Kusini hurusha Bunge la bajeti kutoka Dodoma, na kila mwaka nasikia ombi lilelile. Mheshimiwa anasimama, anashukuru kwa kupewa nafasi, kisha anauliza ni lini serikali itajenga kiwanda jimboni kwake. Anajibiwa kwamba jambo hilo litafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana. Pale sokoni tunafurahi kwamba tumetajwa, tunarudi kufunga matenga, na mwaka unaofuata tunaanza upya.

Mimi nimezaliwa Ilula, mkoani Iringa, kwenye nyanya, na kwa miaka 11 sasa naishi Uyole, jijini Mbeya, nikinunua na kuuza viazi na nyanya. Nina ndugu Iringa, nina wateja Mbeya, na Makambako ndiko ninakolala gari likiniharibikia. Nimeona niiweke miji hii mitatu ubavu kwa ubavu kwa sababu maombi mengi yanayofika kwa wabunge wetu hayajapimwa. Diwani mmoja niliyemuuliza wanataka kiwanda cha nini alinijibu, "Kaka, chochote, mradi vijana wapate kazi." Uchungu wake naujua, lakini "chochote" haliwezi kuwa ombi.

Jibu langu nalitanguliza. Kiwanda cha mbolea, cha viazi au cha parachichi ningekipeleka Makambako. Cha zana na mashine, Mbeya. Iringa ningeipa nyanya, pamoja na kiwanda chochote ambacho soko lake ni Dodoma na mikoa ya kati. Najua hapo ndugu zangu wa Iringa wataona nimewauza, kwa hiyo nitaeleza.

Nani alipata nini zamani

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, viwanda vikubwa vilikuwa mali ya umma. Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa mwaka 1969 hadi 1974, ukataja miji tisa ya kuipunguzia Dar es Salaam mzigo wa viwanda: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mtwara na Mbeya. Iringa haikuwamo. Tofauti unayoiona leo kati ya miji hii miwili ilianza kuchorwa tangu wakati huo.

Mbeya ikapata kiwanda cha nguo, Mbeyatex. Ikapata Zana za Kilimo, ambacho wengi tunakijua kwa jina la ZZK. Ikapata na saruji pale Songwe. Mkoa wa Iringa ukapata kiwanda cha karatasi Mgololo, wilayani Mufindi, kilichoanza kuzalisha mwaka 1985 kikiwa kimesanifiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka.

Sasa tazama kipi kimebaki. Saruji ipo, kwa sababu mawe ya chokaa yako palepale Songwe. Karatasi ya Mgololo ilipita kwenye shida nzito, ikasimama, kiwanda kikauzwa kwa mwekezaji miaka ya 2000, na bado mtu aliona faida ya kukifufua, maana misonobari ya Sao Hill iko jirani, mto upo na reli ya TAZARA ipo. Mbeyatex ilitegemea pamba, na pamba ya nchi hii kwa sehemu kubwa inalimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, upande wa pili kabisa wa ramani. Kikafungwa. ZZK chuma chake kilitoka mbali, na baada ya ubinafsishaji hakikurudi kwenye nguvu zake za mwanzo.

Waliotuletea viwanda vile siwalaumu. Walitaka mtu wa Mbeya naye aajiriwe bila kuhamia Dar es Salaam, na watu waliajiriwa kweli, wakasomesha watoto. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kisiasa uliweza kusimamisha majengo, na baada ya miaka 20 swali likawa gharama ya kufikisha malighafi getini. Anayekwenda kwa mbunge leo aanze na hiyo gharama.

Miji mitatu ubavu kwa ubavu

| | Mbeya | Iringa | Makambako |
|---|---|---|---|
| Hadhi | Jiji tangu 2005 | Manispaa | Halmashauri ya Mji, mkoani Njombe |
| Reli | TAZARA | Hakuna | TAZARA |
| Barabara kubwa | Dar–Tunduma, na ya Tukuyu hadi mpaka wa Malawi | Dar–Tunduma, na ya Mtera hadi Dodoma | Dar–Tunduma, na ya Njombe hadi Songea |
| Uwanja wa ndege | Songwe, tangu 2012 | Nduli | Hakuna |
| Vyuo vikuu | MUST cha sayansi na teknolojia, pamoja na vingine | Mkwawa, Ruaha, Chuo Kikuu cha Iringa | Hakuna kikubwa |

Ukilitazama jedwali hilo harakaharaka utadhani Mbeya imeshinda na Makambako haina kitu. Mstari wa reli ndio unaobadilisha hesabu.

TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa 1976. Ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Inapita bonde la Kilombero, inafika Mlimba, inapanda milima kwa mahandaki na madaraja, inatokea Makambako, kisha Mbeya na Tunduma. Mji wa Iringa imeuacha pembeni kabisa. Mzigo wa Iringa kwenda bandarini hauna njia nyingine ya moja kwa moja isipokuwa kushuka mlima wa Kitonga wenye kona kali. Na Kitonga tunaijua sisi tunaosafirisha. Lori moja likilala kwenye kona, foleni inakula usiku mzima, na nyanya zangu zinageuka mchuzi kabla ya kuiona Mikumi. Kiwanda kinachopokea malighafi na kutoa bidhaa kila siku hakiwezi kutegemea kona zile peke yake.

Ni kweli TAZARA yenyewe imedhoofika. Ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na kwa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya hizo. Lakini Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC wa kuifufua, wenye thamani ya dola bilioni 1.4 za Marekani. Kiwanda kinachoombwa leo, hata mambo yakienda vizuri, hakitawasha mashine kabla ya miaka kadhaa. Nikipima miaka hiyo yote, mji wenye stesheni nautanguliza.

Inategemea kiwanda cha nini

Nyanya haisubiri. Ilula na Kilolo zikikomaa kwa pamoja, bei ya tenga inaporomoka ndani ya wiki moja, na mkulima anaacha nyingine shambani kwa sababu gharama ya kuchuma inazidi bei. Kiwanda cha nyanya kikae mwendo wa saa moja kutoka shambani, si zaidi. Hapo Iringa haina mpinzani. Ila jambo moja wabunge wa Iringa waambiwe wazi: Iringa tayari ina viwanda binafsi vinavyosindika mboga na matunda, kama Dabaga, na vimejengwa kwa jasho. Serikali ikija kushindana nao kwa fedha za umma itawaumiza walioanza. Ningependa zaidi iombwe maghala ya baridi na mtambo wa kutengeneza nyanya nzito ya mapipa, ambayo viwanda hivyo vitainunua hata nje ya msimu. Mtambo huo pia uweze kusindika pilipili na karoti, maana msimu wa nyanya ukiisha, mashine inayojua nyanya tu inalala huku mishahara ikiendelea kulipwa.

Parachichi ni habari nyingine. Linatoka Njombe, Mufindi na Rungwe. Lenye daraja la juu linasafirishwa likiwa tunda zima. Lililochubuka na dogo linabaki, na hilo ndilo la kukamulia mafuta. Njombe hadi Makambako ni kama kilomita 60. Kutoka Mafinga ni karibu kilomita 80. Rungwe ni mbali zaidi, lakini lami ipo mwanzo hadi mwisho. Sioni mji mwingine unaokutanisha wakulima hao wote bila mmoja kulazimika kupita juu ya mwenzake.

Viazi vilevile. Njombe, Makete na safu ya Uporoto vinajaza lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, kila siku, na hesabu ya lumbesa inamwibia mkulima kuliko mdudu yeyote. Kiwanda kinachopima kwa kilo kingevunja utaratibu huo wenyewe, bila hata askari wa mizani. Hili nalisema kama mnunuzi niliyekulia upande wa mkulima.

Mbolea inaingia kupitia bandari ya Dar es Salaam na wanaoingoja ni wakulima wa mahindi wa Ruvuma, Njombe, Iringa, Mbeya, Songwe na Rukwa. Kiwanda cha kuchanganya na kufungasha kinatakiwa kiwe pale mzigo unapogawanyika. Treni inaushusha Makambako, malori ya Songea yanakata kushoto, ya Mbeya na Sumbawanga yananyoosha. Ukikijenga Mbeya, mfuko wa Songea utapita Makambako ukienda, kisha urudi Makambako ukitoka. Nauli hiyo atailipa mkulima wa Namtumbo.

Zana na mashine ndizo ninazoipa Mbeya bila kusita. Pita soko la SIDO pale Mwanjelwa uone mafundi wanavyounda mashine za kupukuchua na kukoboa kwa vyuma chakavu. MUST wanatoa wahandisi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kina wataalamu wanaojua shamba la huku linataka jembe gani. Tunduma iko kama kilomita 100 tu, na ng'ambo yake ni Zambia na barabara ya Kongo. Upande wa Kyela kuna Malawi. Matrekta ya URSUS yalikuwa yanaunganishwa Kibaha, mkoani Pwani, wakati wanaoyalimia wako huku juu. Trekta likiharibika Mbarali, fundi wake yuko umbali wa siku nzima. Kosa hilo lisirudiwe.

Upande wa Iringa, kwa haki

Iringa ina hoja mbili ambazo sijasikia zikisemwa kwa nguvu inayostahili.

Ya kwanza ni umeme. Mitambo ya umeme wa maji ya Mtera na Kihansi iko jirani, na njia kuu ya kilovolti 400 kwenda Dodoma, Singida hadi Shinyanga, yenye kilomita 670, inaanzia Iringa. Kiwanda kinachokula umeme mwingi kitapenda kukaa karibu na mahali kama hapo.

Ya pili ni Dodoma. Barabara ya Mtera ina lami, kama kilomita 260. Treni ya SGR ya Dar es Salaam–Dodoma ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, na makao ya serikali yanazidi kujaza watu mji ule. Watu hao wanakula, wanajenga, wananunua samani. Kiwanda cha maziwa, cha mbao zilizokaushwa vizuri au cha vyakula vya makopo kinachotazama Dodoma kingefaa Iringa kuliko Mbeya. Kwa kifupi, Iringa iache kugombania soko la Zambia na igeukie kaskazini.

Kuna tahadhari ya maji. Ruaha Mdogo unaopita Ipogolo unaingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unakwenda Mtera. Taka za kiwanda zikimwagwa ovyo Iringa, tunachafua maji yanayozungusha mitambo ya umeme tunaojivunia. Mbeya nayo ina kiu yake, ndiyo maana kuna mradi wa kuleta maji ya mto Kiwira mjini. Kiwanda chenye kunywa maji mengi kisiombwe kwanza na maji yakatafutwa baadaye.

Mbunge atumike vipi

Hapa ndipo tunapopoteza nguvu nyingi. Wengi tunaamini mbunge mkali ataleta kiwanda. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia masuala ya kuongeza matumizi ya fedha za umma bila pendekezo la Rais linalowasilishwa bungeni na waziri. Maana yake mbunge hawezi kuandika kasma, yaani fungu la fedha, ya kiwanda kwa mkono wake. Anachoweza ni kuibana serikali iiandike, na njia za kuibana hazilingani uzito.

Swali la msingi na la nyongeza ni rahisi, linasikika redioni, na linapata jibu siku hiyohiyo. Faida yake ni kwamba jibu linaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Hasara yake ni kwamba linaweza kuishia hapo. Mimi ningelitumia kuuliza kitu kimoja kinachopimika, kwa mfano kama upembuzi yakinifu umefanyika na umefikia wapi.

Kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kutishia kuuzuia mpaka atoe maelezo, Bunge likiwa Kamati ya Matumizi, kuna uzito zaidi. Waziri analazimika kusimama na kutoa maelezo, na wabunge wengine wanaweza kuunga mkono hoja. Lakini wakati huo bajeti imeshaandikwa na ukomo wa fedha za kila wizara umeshagawanywa. Utapata ahadi, mara chache utapata fedha za mwaka huo.

Wakati wenye nguvu kuliko yote ni Novemba, Bunge linapojadili mapendekezo ya mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, na baada yake kamati inayoshughulikia viwanda, biashara na kilimo inapokaa na wizara. Huko redio hazijazi watu sokoni, na ndiyo maana wakati huo tunaupuuza. Jambo lililoingia kwenye mpango wa Novemba linakuja Juni likiwa na mguu. Likianzia Mei, linakuja likiwa na kelele tu.

Kabla ya yote kuna Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ambako mkuu wa mkoa ni mwenyekiti na wabunge ni wajumbe. Ombi lisilopita hapo linamfikia waziri kama ombi la mtu mmoja. Na hapa kuna tatizo letu la pekee. Mpaka mwaka 2012, Makambako, Mufindi na Iringa zilikuwa mkoa mmoja. Mkoa wa Njombe ulipozaliwa, na baadaye Songwe ukatoka Mbeya mwaka 2016, huduma zilisogea karibu na wananchi, nami nashukuru kwa hilo. Lakini maombi yetu ya viwanda yakagawanyika vipande. Mikoa minne inaandika maandiko manne ya mradi kuhusu viazi vilevile.

Watu wa Mbeya hujivunia kwamba mbunge wao alikuwa Spika kuanzia 2022 hadi 2025, na sasa jiji lina majimbo mawili, Mbeya Mjini na Uyole. Heshima hiyo ni kubwa. Ila Spika anaongoza kikao, hachangii hoja kama mbunge wa kawaida, na mbunge wa pili anaongeza sauti moja katika ukumbi wenye mamia. Wabunge wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe wakisimama nyuma ya andiko moja ni jeshi ambalo waziri yeyote atalisikiliza.

Andiko lenyewe liwe na ardhi ndani yake. Mji mmoja huku kwetu ulitamba kwamba una ekari za kutosha. Wageni wa mradi walipofika wakakuta mahindi ya watu, makaburi, na wazee ambao hawakuwahi kuulizwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka fidia ikubaliwe kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa. Halmashauri iliyopima, ikafidia na ikafikisha barabara hadi kwenye eneo imefanya kazi kubwa kuliko hotuba kumi. Mbeya imebanwa na milima, nafasi inapatikana ukielekea Songwe, ambako barabara ya njia nne kutoka Nsalaga inajengwa. Makambako bado ina tambarare karibu na reli, lakini inakatwakatwa viwanja vya nyumba kwa kasi inayonitisha kila nikipita.

Ndiyo maana, ukiniuliza hatua ya kwanza, sitakutuma Dodoma. Madiwani na wafanyabiashara wa mikoa hii minne wawaite wabunge wao mwezi Oktoba, kabla ya Bunge la Novemba, wagawane viwanda mezani: zana Mbeya, mbolea na parachichi Makambako, nyanya na soko la Dodoma Iringa, kila mmoja akitetea cha mwenzake kama chake. Kikao kifanyike Makambako. Nauli ya Coaster kutoka Iringa na kutoka Mbeya inakaribiana.